Tangi la Maji ya Bahari Nyumbani: Ununue Chombo Gani Kwanza?

Leo tunaacha kidogo mihogo, kuku na mchicha, tunakwenda upande wa samaki. Lakini si samaki wa bwawa, wale perege na kambale ambao tumekwisha kuwazungumza mara nyingi. Leo ni habari ya tangi la kioo lenye maji ya bahari, mawe na samaki wadogo wa rangi, lile ambalo ukilikuta ukumbini kwa mtu au katika hoteli unasimama na kusahau ulikokuwa unakwenda.

Wako wenzetu wa Bunju, Mbweni na Kunduchi, na wengine wa Kijichi, Mbagala na Kigamboni, ambao huuliza: "Bahari hii hapa, maji ni ya bure. Mimi nisiweze kuwa na tangi kama lile kwa nini?" Jibu ni kwamba unaweza. Lakini kabla hujatoa senti, tuelewane jambo moja. Tangi hili halitakupa kitoweo. Ukitaka kitoweo au fedha za haraka, chimba bwawa la perege. Tangi la maji ya chumvi ni la kufurahisha nyumba, kufundisha watoto habari za bahari, au kumvutia mteja kama una mgahawa. Basi usiuze mbuzi wala usivunje akiba ya mbegu kwa ajili yake. Tumia fedha ambayo hata ikipotea, watoto watakula na shamba litapandwa.

Na fedha hiyo hupotea kirahisi, kwa sababu watu wengi huanzia mwisho. Mtu huingia dukani, anapenda kioo kikubwa na taa ya buluu, ananunua. Fedha iliyobaki inatosha pampu moja dhaifu. Anachota maji, anatia samaki siku hiyo hiyo, majirani wanakuja kutazama. Usiku umeme unakatika. Asubuhi samaki wote wanaelea matumbo juu.

Kwa hiyo mazungumzo yetu ya leo yana swali moja tu: samaki wa tangini atakufa kwa nini kwanza? Kinachomuua upesi zaidi ndicho chombo chake kinunuliwe kwanza. Kukosa pumzi humuua kwa saa chache. Uchafu wake mwenyewe humuua kwa siku chache. Joto na chumvi iliyozidi humuua polepole. Kioo kibaya hakimuui mtu, ila kikipasuka. Haya, tufuate mpango huo. Kwa mfano wetu tuchukue tangi lenye maji lita 200, yaani madumu kumi ya lita 20.

KWANZA: PUMZI

Samaki anavuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Maji yakipata joto hushika hewa kidogo zaidi, na maji ya chumvi hushika kidogo kuliko maji baridi ya mtoni. Katika joto la nyuzi 30, lita moja ya maji ya mto ikishiba hewa huwa na miligramu 7 na nusu hivi za oksijeni. Lita ya maji ya bahari, kwa joto lile lile, huwa na 6 na kidogo. Ndiyo kusema tangi la bahari hapa kwetu Dar es Salaam, mwezi wa Februari, lina akiba ndogo sana ya pumzi.

Basi chombo cha kwanza ni pampu ya hewa, pamoja na mpira wake na jiwe la kutoa mapovu madogo. Iweke pampu juu kuliko usawa wa maji, au utie kwenye mpira ile vali ndogo ya kuzuia maji kurudi. Usipofanya hivyo, umeme ukikatika maji yatanyonywa na mpira, yatashuka ndani ya pampu na mpaka sakafuni.

Chombo cha pili, na hiki usikiahirishe hata kidogo, ni pumzi ya akiba. Sote tunajua umeme wetu huweza kukatika. Tafuta pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya volti 12. Hesabu yake ni nyepesi. Betri ndogo ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ili betri isife mapema, tumia nusu tu, yaani 42. Pampu ya wati 5 itakwenda saa 8, usiku mzima. Mwenye sola ya kuwashia taa nyumbani anaweza kuchaji betri hiyo hapo hapo.

Hapa ndipo pa kujipima. Kama huna njia ya kuwapa samaki hewa usiku mmoja bila umeme, acha kwanza habari ya tangi. Usione aibu. Ni afadhali kungoja mwaka kuliko kuua viumbe kwa haraka ya moyo.

PILI: USAFI WA MAJI

Mfugaji wa kuku hahitaji kufundishwa habari ya amonia. Ukiingia asubuhi katika banda lililofungwa, lile jambo linalokuchoma macho na pua ndilo hilo. Kuku anaweza kufunguliwa dirisha. Samaki je? Yeye anaogelea ndani ya mkojo wake, na amonia kidogo tu inamchoma mashavu anayovutia pumzi.

Dawa ya amonia si kemikali ya dukani. Dawa ni bakteria, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia ikiwa si nyingi. Ni kazi ile ile inayofanyika katika udongo wa shamba lako ukitia samadi. Wewe kazi yako ni kuwapa bakteria hao nyumba na kuwapitishia maji bila kukoma.

Nyumba yao ni sponji la chujio pamoja na mawe. Kwa mawe, sisi watu wa pwani tuna bahati. Tafuta mawe ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa nchi kavu, mepesi na yenye vitundu vingi. Ndiyo mawe ambayo wazee walijengea msikiti na makaburi ambayo leo ni magofu ya Kunduchi. Vitundu vyake hukaa bakteria, na chokaa yake husaidia maji yasiwe makali. Yaoshe kwa maji matupu, bila sabuni.

Wa kupitisha maji ni pampu ya maji. Maji yote ya tangi yazunguke walau mara tano au sita kwa saa. Tangi la lita 200 linataka basi pampu ya lita 1,000 hadi 1,200 kwa saa. Usiamini tu maandishi ya kwenye boksi, kwa maana wameipima bila kupandisha maji. Ipime mwenyewe. Iache ipandishe maji kwa kimo kile kile kitakachokuwa nyumbani, kinga ndoo ya lita 20, tazama saa. Ndoo ikijaa kwa dakika moja, hiyo ni lita 1,200 kwa saa. Ikichukua dakika mbili, ni lita 600 tu. Mrudishie mwenye duka.

Kuna pia chombo cha kutolea povu. Umewahi kuona povu la rangi ya kahawia ufukweni siku ya upepo? Chombo hiki hufanya vile vile: huchanganya hewa na maji, uchafu unapanda na povu, unamwaga. Ni kizuri, na katika maji ya chumvi hufanya kazi vizuri kuliko katika maji baridi. Lakini kwa tangi dogo lenye samaki wachache, unaweza kuanza bila hicho ukibadilisha maji kila wiki. Lita 20 kwa wiki zinatosha, dumu moja tu.

Usisahau vipimo vya dawa vya amonia na nitriti, vile vya kutia matone na kulinganisha rangi. Bila hivyo unafuga kwa kubahatisha. Tia maji, tia mawe, washa pampu, kisha tia kipande kidogo cha kamba kioze humo. Pima kila baada ya siku chache. Amonia itapanda kisha itashuka. Nitriti nayo itapanda kisha itashuka. Zote mbili zikirudi sifuri, tangi limeiva. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Wewe unayengoja muhogo miezi mingi, wiki sita zitakushinda?

TATU: CHUMVI

Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Kipimo chake ni haidromita, kile kijiti kinachoelea, na katika maji ya bahari husoma kama 1.025. Bei yake ni ndogo, nacho ni cha lazima.

Maji usichote popote. Usichote kwenye midomo ya mito kama Msimbazi, Mzinga, Tegeta na Mpiji, wala bandarini, wala pale Feri kwenye soko la samaki. Chota mbali na mto, wakati maji yamejaa, siku ambazo bahari imetulia, hasa wakati wa maji mafu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, maji ya kando huwa na tope na chumvi yake hupungua kwa mvua. Weka akiba mapema. Na dumu la kuchotea lisiwe lililowahi kutiwa mafuta, rangi au dawa ya kunyunyizia mimea. Hata ukilisuuza mara kumi, lisiwe hilo.

Mwingine atasema: "Mimi niko mbali na bahari, nitatia chumvi ya jikoni." La, hasha. Bahari ina chumvi za namna nyingi: kalisi, magnesi na nyinginezo. Hata chumvi ya mashamba ya chumvi ya pwani, ingawa ilitoka baharini, sehemu kubwa ya kalisi na magnesi imeachwa nyuma ilipokuwa inakauka. Ukiiyeyusha tena hupati bahari.

Tangi likipungua kwa jua na upepo, yanayopaa ni maji matupu. Chumvi inabaki. Kwa hiyo pungufu hilo lijaze kwa maji baridi, si ya bahari, ama sivyo chumvi itazidi kila siku. Maji ya bomba yaache katika ndoo iliyo wazi siku moja dawa yake ipungue. Maji ya visima vyetu vingi vya Dar yana chumvichumvi, yapime kwanza.

Jambo lingine: madini. Chumvi inakula chuma, na shaba ikiyeyuka kidogo tu inaua konokono na kamba wa bahari. Usitumie koki ya shaba, waya wa mabati wala msumari. Tumia mabomba na viungo vya plastiki.

NNE: JOTO NA MWANGA

Katika vifaa vinavyouzwa kwa pamoja mara nyingi utakuta hita ya kupasha maji moto. Hiyo ni ya nchi za baridi. Sisi shida yetu ni kinyume chake. Nunua kipimajoto, na uliweke tangi mahali ambapo jua haliligongi na bati haliko karibu. Joto likizidi nyuzi 30, elekeza feni ndogo ipulize juu ya maji. Ni siri ile ile ya mtungi: maji yanayopaa huondoka na joto. Ukitumia feni, kumbuka kuongeza maji baridi kama tulivyosema.

Taa kubwa za bei ghali ni kwa ajili ya matumbawe hai, kwa maana matumbawe huishi kwa mwanga. Samaki hawazihitaji, mwanga wa kawaida unawatosha. Na matumbawe hai tunakushauri uyaache baharini. Ni viumbe wagumu kuwatunza. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto kupita kawaida, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, tena katika bahari yenyewe iliyo pana. Katika lita 200 ukumbini kwako itakuwaje? Isitoshe, biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Na visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini, pamoja na Fungu Yasini, ni hifadhi tangu mwaka 1975. Humo usitoe jiwe wala samaki. Hivyo umeokoa fedha ya taa, na mwamba umebaki kuwa mazalio ya samaki wa kitoweo.

TANO: KIOO NA MEZA

Sasa ndipo tufike kwenye kioo. Tangi la urefu wa meta 1, upana sentimeta 50 na kimo sentimeta 50, likijazwa hadi sentimeta 40, hubeba lita zetu 200. Kioo kiwe cha milimita 10, kiunganishwe kwa gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuua ukungu. Mafundi vioo wengi mjini wanaweza kukukatia. Lijaze maji matupu nje uani siku tatu kabla ya kuliingiza ndani.

Piga hesabu ya uzito. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 200. Ongeza mawe na kioo, unakaribia kilo 300, kama magunia matatu ya mahindi. Meza ya sebuleni haibebi hayo. Jenga kiguzo cha matofali kilicho sawa kabisa, na utandike kitu laini chini ya kioo.

Umeme na maji ya chumvi ni maadui. Kila waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone likitiririka lianguke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Chomoa plagi zote kabla hujatia mkono majini. Watoto waambie hivyo hivyo, na uwaambie tena.

Na gharama ya kila mwezi? Pampu ya hewa wati 5, ya maji wati 20, jumla 25. Zikienda saa 24 ni uniti 0.6 kwa siku, yaani uniti 18 kwa mwezi, mbali na feni. Zitazame katika LUKU yako kabla ya kuanza.

SAMAKI WENYEWE

Lita 200 zinatosha samaki wanne au watano wasiozidi urefu wa kidole. Tia mmoja au wawili kwanza, ngoja wiki mbili, pima maji, ndipo uongeze. Chewa mdogo anapendeza, lakini hukua na kuwameza wenzake. Kikande ana vita. Bunju, huyu mwenye jina kama la kule kwetu Bunju, hung'ata wengine. Kitatange ni mzuri wa kupigiwa mfano, lakini wengi wa jamii yake hula matumbawe, na bila matumbawe hufa kwa njaa mbele ya macho yako. Waache wote hao.

Kabla ya kukamata au kununua samaki hai, nenda kwa Bwana Samaki wa manispaa yako ukaulize kibali kinachotakiwa. Wenye kutaka elimu zaidi wako karibu na Kunduchi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo chake. Na samaki aliyetolewa kwa baruti au sumu usimnunue hata kwa bei ya bure. Ni kinyume cha sheria, na mara nyingi hufa siku chache baadaye.

La mwisho kwa wenye bustani. Maji machafu ya bwawa la perege ni mbolea, mwagia mchicha. Maji ya tangi la chumvi ni adui wa mchicha, wa mnazi mchanga na wa kisima chako pia. Yatenge, yamwage mbali na bustani na kisima.

Ndugu mkulima, turudie kwa ufupi ili ukumbuke. Nunua kwanza pampu ya hewa na betri yake. Pili, pampu ya maji, chujio na vipimo vya amonia. Tatu, haidromita na kipimajoto. Mwisho, kioo. Hita usinunue, taa kubwa usinunue, matumbawe usiyaguse. Ukifuata mpango huu, hata fedha ikikuishia njiani, hakuna kiumbe kitakachokufa. Utakuwa na pampu kabatini na subira moyoni. Lakini ukianza na kioo, fedha itakwisha ukiwa tayari una samaki mikononi.